Hisabati ya njia bora na korosho za Nachingwea, Ruangwa

WATAALAMU wa hisabati ya kutafuta njia bora hukutana kila baada ya miaka mitatu, katika mkutano wa kimataifa ulioanzia Troy, New York, mwaka 2004. Hoja yao humgusa pia mkulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa.

Katika wilaya hizo, zilizo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, vyama vya msingi hukusanya korosho na kuzipeleka maghala makuu kusubiri mnada. Kanuni aliyoibuni George Dantzig wa Marekani mwaka 1947 huweza kuonyesha kila chama kipeleke kilo ngapi katika ghala lipi, bila ghala kufurika, ili gharama ya usafiri iwe ndogo kuliko zote. Gharama hiyo inapokatwa katika bei ya mnada, anayeumia ni mkulima.