Resi ya pikipiki ikinasa: jiokoe kwanza, kisha tafuta chanzo

Unashuka mlima ukiwa na abiria. Unaachia mkono wa mafuta ili upunguze mwendo, lakini injini inaendelea kunguruma na pikipiki inazidi kwenda. Hapo resi imenasa.

Mara nyingi tatizo hili huanza kidogo kidogo: mkono wa mafuta unarudi polepole, nawe unazoea kuusaidia kwa kiganja. Usizoee. Hapa tunaeleza ufanye nini likikukuta barabarani, na namna ya kujua ugonjwa uko wapi kabla hujatoa pesa.

Ukiwa barabarani

Kamata klachi mara moja. Injini italia kwa nguvu, lakini usiogope, kwa sababu nguvu hiyo haifiki tena kwenye tairi. Shika breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja bila kushtukiza, sogea pembeni, kisha zima injini. Kama pikipiki yako haina klachi ya mkono, zima injini kwanza. Ukitumia ufunguo, usiuzungushe hadi pale panapofunga usukani wakati pikipiki bado inatembea.

Tatizo liko wapi?

Ukivuta mafuta, waya hunyanyua pistoni ndogo iliyo ndani ya kabureta. Ukiachia, springi huirudisha chini. Kwa hiyo kinachonasa ni kimoja kati ya vitatu: mkono wa mafuta, waya, au kabureta.

Zima injini. Vuta mafuta hadi mwisho, kisha achia. Mkono unapaswa kurudi wenyewe haraka. Rudia usukani ukiwa umenyooka, umekata kushoto, na umekata kulia. Ukinasa upande mmoja tu, angalia waya: huenda umebanwa na tangi au umepitishwa vibaya.

Ukinasa pande zote, fungua kifuniko cha juu cha kabureta, toa pistoni na springi yake, kisha chomoa waya. Vuta tena mkono wa mafuta, huku mwenzako akiuvuta waya kwa chini ili uurudishe. Ukienda laini, ugonjwa uko kwenye kabureta. Ukiwa bado mgumu, chomoa waya upande wa juu pia na uuvute peke yake. Waya ukiwa laini, basi shida ni mkono wenyewe: una vumbi ndani, au raba yake inasugua mwisho wa usukani.

Kama waya wa pikipiki yako umefungwa ubavuni mwa kabureta na si juu, kazi ya kabureta mwachie fundi.

Namna ya kurekebisha

Waya wenye nyuzi zilizokatika au uliopinda haufai kutiwa oili. Badilisha. Ulio mzima utundike wima, funga kipande cha nailoni kama faneli kwenye ncha ya juu, tia oili nyepesi na uuchezeshe hadi oili itoke safi chini. Usitumie grisi, maana hushika vumbi.

Pistoni ya kabureta ioshe kwa petroli, mbali na moto na sigara. Usiisugue kwa msasa. Unapoirudisha, mfereji wake uingie kwenye pini iliyo ndani ya kabureta. Ukikosea hapa, pistoni inaweza kubaki juu na injini ikapiga resi kubwa mara tu unapoiwasha. Kabla ya kuwasha, vuta na uachie mkono: usikie pistoni ikigonga chini.

Mwisho, acha waya uwe na mchezo kidogo, milimita 2 hadi 6 kwenye mkono wa mafuta. Washa injini ikiwa silensa, kata usukani kushoto na kulia. Resi ikipanda yenyewe, waya umekazwa mno au umepita vibaya.

Ili isirudi tena

Vumbi na maji ndiyo maadui wakubwa. Usiendeshe bila chujio la hewa, kwa sababu mchanga huingia moja kwa moja kwenye kabureta. Tia waya oili mara kwa mara, hasa msimu wa mvua. Na kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, vuta mafuta na uachie. Mkono usiporudi wenyewe, pikipiki hiyo isitoke.