Butembo: Kupima umeme wa gari hakuna bei

Kwenye magereji ya Butembo, mteja akidaiwa pesa ya alternateri halalamiki sana. Ameiona, ameishika, na ile ya zamani anarudi nayo nyumbani. Lakini mwambie amlipe fundi aliyeshinda mchana kutwa akifuata waya mmoja kutoka batri hadi pampu ya mazuti, atakuuliza: kwani umebadilisha nini? Swali hilo ndilo linaloidumaza kazi ya mafundi umeme wa magari kati ya Butembo na Beni. Kubadilisha kipuri kunalipa, kutafuta kasoro hakulipi, na fundi mwenye watoto wa kulisha huenda palipo na pesa.

Gari lenyewe mara nyingi ni Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kuundwa mwaka 1984, yenye injini ya 1HZ ya mazuti, lita 4.2. Wafanyabiashara wanaipenda kwa sababu injini yake haiongozwi na kompyuta. Hata hivyo umeme inauhitaji. Pampu ya mazuti ina vali ndogo ya umeme. Ikikosa mkondo, mazuti hayapiti na injini inazimika papo hapo. Gari lililovuka mto asubuhi linaweza kulazwa njiani na fyuzi moja.

Njia za huku nazo hazina huruma. Ukitoka mjini kuelekea Kipese na milima ya Lubero, kunakotoka viazi, kabichi na maharage, unakutana na tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua. Mtikisiko hulegeza viungo, maji huingia kwenye soketi, kutu hufanya yaliyobaki. Kinachoumia zaidi ni masi, yaani njia ya kurudishia umeme batri kupitia injini na chasi. Masi ikichoka, taa hufifia kila indiketa inapowaka, mishale ya dashibodi hucheza, na demareri huzunguka kivivu. Mwenye gari anakimbilia kununua batri mpya. Wiki chache baadaye yuko palepale.

Kipimo cha kuzuia hasara hiyo hakichukui muda. Batri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma kama volti 12.6, injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Wengi huishia hapo. Anayeijua kazi hugusisha waya mweusi wa multimita kwenye ncha hasi ya batri, mwekundu kwenye chuma cha injini, halafu anamwambia msaidizi awashe. Demareri inapozunguka, namba isizidi volti 0.2 hivi. Ikifika volti 1, jibu limepatikana: “Patro, batri yako iko muzima, ni masi tu.” Msasa, boliti ikazwe, gari linawaka. Na hapo ndipo patro anapokataa kulipa, kwa kuwa ameona msasa tu!

Wapo wanaoicheka taa ya kupimia, ile balbu yenye waya na msumari. Mimi siicheki. Multimita karibu haivuti mkondo wowote, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja ndani utasoma volti 12 kamili bila aibu. Balbu ikiunganishwa hapo itafifia na kuufichua. Ila kwenye magari mapya yenye kompyuta, balbu hiyohiyo inaweza kuvuta mkondo mwingi na kuunguza kifaa cha gharama. Fundi anahitaji vyote viwili, na akili ya kuchagua.

Soko la vipuri linasukuma upande mwingine. Bidhaa nyingi zinapitia Mpondwe na Kasindi, mpakani na Uganda, hasa tangu waasi wa M23 walipoiteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 na njia ya Goma kuwa ngumu. Mradi wa barabara uliozinduliwa na Kongo na Uganda mwaka 2021 unajumuisha kilomita 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Ukikamilika, vipuri vitafika kwa urahisi zaidi, na nahofia kishawishi cha kubadilisha bila kupima kitaongezeka.

Wanaoujua uzito wa gari kusimama ni wenye magari ya kukodisha. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, magari ya aina hii yalitafutwa sana Beni na Butembo, na gari linalolipwa kwa siku likilala gereji siku hiyo haina malipo. Kuna pia njia kama Komanda–Luna, ambako magari yamekuwa yakipita kwa misafara inayolindwa na wanajeshi. Huko gari likizimika, hasara si ya pesa peke yake.

Wenye magari hayo ya kukodisha ndio wangeweza kuanza kulipia kipimo. Gereji itoze ada ya kupima kabla ya kushika spana, ikatwe kwenye bili mteja akitengenezea hapohapo, na fundi aandike volti za kabla na za baada kwenye risiti. Mwenye magari matano ataelewa haraka karatasi inayoonyesha 1.1 imeshuka hadi 0.1, na ataiweka kwenye faili pamoja na risiti za mazuti.