Kanisani Alikuwa Kiongozi, Usiku Alikuwa BTK: Vile Flopi Moja Ilimchoma Muuaji wa Watu 10

Cheki, huyu ni yule jirani kila mtaa unataka. Ako na bibi, watoto wawili, anasaidia vijana wa skauti, na kanisani ndiye rais wa baraza. Sasa ongeza hii: ameua watu 10, na kwa keja yake hakuna mtu anajua.

Jamaa anaitwa Dennis Rader, na haya yalifanyika Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Alianza 15 Januari 1974 kwa kuua watu wanne wa familia moja ya Otero: baba, mama na watoto wawili. Kufika 1991, walikuwa 10.

Jina BTK alijipea mwenyewe, kwa barua alizokuwa anatumia makarao na waandishi wa habari. Maana yake ni funga, tesa, ua. Huyu hakuwa anatafuta chapaa. Raha yake ilikuwa kuona mtu akiteseka. Alikuwa anafuatilia mtu kwanza, anakata waya ya simu ndio aingie, na akitoka anabeba vitu vya marehemu aweke kama kumbukumbu.

Hii sasa ndio itakumaliza: kutoka 1974 hadi 1988 alikuwa ameandikwa na kampuni ya kufunga alamu. Yaani watu wa Wichita wanaogopa BTK, wananunua alamu, na BTK mwenyewe ako kwa hiyo biashara!

Alinaswaje? Sifa tu. Mwaka wa 2004, gazeti la huko liliandika stori ya miaka 30 tangu ile familia iuawe. Watu wengi walikuwa wanadhani BTK alishakufa ama ako jela. Hiyo ilimuuma, akaanza barua tena. Kisha akauliza makarao: nikiwatumia flopi, mtanijua? Wakamjibu kupitia tangazo la gazeti kwamba iko sawa. Na akaamini!

Februari 2005 akatuma flopi kwa stesheni ya TV. Wapelelezi walipoifungua, walipata mabaki ya faili iliyofutwa. Ndani kulikuwa na jina la kanisa, na jina "Dennis". Wakaingia intaneti, wakatafuta hilo kanisa, na rais wa baraza akajitokeza: Dennis Rader.

Walikuwa na DNA ya muuaji tangu zamani. Korti ikawaruhusu wachukue sampuli ya bintiye iliyokuwa imebaki kliniki. Ikaonyesha muuaji ni babake. Tarehe 25 Februari 2005 wakamshika. Binti alijua siku hiyo hiyo, afisa wa FBI alipobisha mlango wake. Mama yake alipewa talaka mwaka huo huo.

Rader alikubali makosa yote na kufungwa vifungo 10 vya maisha, angalau miaka 175. Hakunyongwa kwa sababu Kansas haikuwa na adhabu ya kifo wakati aliua.

Kwa hivyo siku mtu atakuambia kuna mzee fulani anamtisha, usikimbilie kusema "aah, huyo namjua, ni wa kanisa." Msikize kwanza. Wichita pia walikuwa wanamjua Dennis.

Wewe ungejua?