Stroberi za uani: biashara ya saa chache

Ndizi mbichi utaivundika, parachichi utalisubiri siku tatu kabatini, lakini stroberi ikishachumwa haiivi tena. Iliyokatwa ingali na mabega meupe itageuka nyekundu, ila utamu hauongezeki. Hapo ndipo mkulima wa uani anapompiku mwenye shamba kubwa. Mwenye shamba analazimika kuchuma mapema ili tunda listahimili lori, bohari na rafu ya duka. Mwenye stroberi kwenye ndoo 30 nyuma ya nyumba huko Kikuyu au Limuru anaweza kusubiri hadi wekundu ufike kikonyoni, kwa kuwa mnunuzi wake anakaa mtaa wa pili.

Hali ya hewa nayo inambeba. Aina nyingi za stroberi hutunga maua siku zinapokuwa fupi, na karibu na ikweta mchana haupiti sana saa 12 mwaka mzima. Kinachobaki kuamua ni baridi. Ndiyo sababu huko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, au kwenye milima ya Lushoto kule Tanzania, mmea huweza kuzaa miezi mingi, ilhali kwenye joto la Mombasa hutoa majani na kuteseka. Msomaji wa pwani asikubali kushawishiwa na muuza miche.

Miche ni biashara ndani ya biashara. Chandler na Pajaro, aina zinazojulikana sana Kenya, zilizalishwa Chuo Kikuu cha California. Mmea ukikomaa hutoa marando yanayotambaa, na mafundo yanayogusa udongo huweza kuota mizizi, kwa hiyo jirani mmoja anaweza kuwagawia mtaa mzima. Uzuri huo una hatari yake: rando la mmea wenye virusi huzaa mche wenye virusi. Naona ni heri kulipa zaidi kwa miche safi 20 kuliko kuokota 100 usiyoijua mama yake. Wala usiipande palipotoka nyanya, viazi au pilipili, maana ugonjwa wa mnyauko hubaki udongoni.

Sasa hesabu, ambayo wauzaji wa ndoto huiruka. Tukadirie kwa tahadhari kwamba mche mmoja unatoa kati ya robo na nusu kilo kwa mwaka. Miche 100, iliyoachana sentimita 30, hutosha kwenye eneo la mita za mraba kama 10. Mavuno ni kilo 25 hadi 50, yaani pakiti 100 hadi 200 za gramu 250, au pakiti mbili hadi nne kwa wiki. Huo si mshahara. Ni fedha ya maziwa na mkate, na inapatikana tu ukiwa na wateja wachache wa kudumu: mwoka keki, kibanda cha juisi, majirani wenye watoto. Zilizochubuka hupikwa jamu siku hiyo hiyo.

Maji yaende kwenye mizizi, si juu ya majani, na nyasi kavu zitandazwe chini ya matunda, la sivyo ukungu wa kijivu utayala kabla yako. Kitovu cha mche, pale majani yanapochipukia, kisifukiwe. Siku ya kuuza, chuma asubuhi umande ukikauka, acha kikonyo kwenye tunda, usioshe, weka kivulini. Ifikapo saa nne pakiti ziwe mlangoni kwa mteja.