Mafuta mu damu hayaonekani ku mizani

Bamama ya kambi yetu wanaofanya mazoezi kila asubuhi wanatuuliza: "Mbona kilo hazishuki?" Siye wa sendika tunawajibu: musiache. Chukueni mita ya fundi wa nguo, mupime tumbo. Kwa mwanamke, likipita sentimita 88, hatari ya moyo na ya sukari inakuwa kubwa. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa juma kunaweza kupunguza tumbo na kupandisha kolesteroli nzuri, hata kama kilo zinabaki palepale. Bababa, musiwacheke.

Lakini kolesteroli mbaya haionekani kwa macho. Hata mama mwembamba anaweza kuwa nayo. Inajulikana mu kipimo cha damu tu. Ndiyo maana tunadai: kampani ilipe kipimo hicho kwa bibi pia, si kwa mchimbaji peke yake.