Kulipima Gari Dogo la Kifahari Kabla ya Kulinunua

Mercedes-Benz A-Class, Audi A3 na BMW 1 Series ndizo ngazi ya kwanza ya magari ya kifahari ya Ujerumani. A3 ilitoka mwaka 1996, A-Class ikafuata 1997, kisha 1 Series mwaka 2004. Ni magari mafupi, mengi ya milango mitano, yenye nembo ileile ya magari ya wakubwa, ila kwa bei inayofikiwa na mfanyakazi wa kawaida mwenye akiba. Yanayoonekana Dar es Salaam na Nairobi mengi yametumika Japani, ambako usukani uko kulia kama huku.

Bei yake huanguka haraka huko, na si lazima iwe kwa ubovu. Japani, gari jipya hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, uitwao shaken, baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na siku hiyo hulipwa kodi na bima pamoja na matengenezo. Wenye magari wengi huona heri kuuza. Ndiyo maana A-Class iliyotumika miaka kadhaa huweza kukaribiana kwa bei na Toyota ya umri uleule. Lakini kilichoshuka ni bei ya gari tu. Spea zake hazikushuka. Koili, pampu ya maji na kompyuta ya gia huuzwa kwa bei ya gari la kifahari hata gari likizeeka, na hesabu ya mnunuzi ianzie hapo.

Kwa gari linalotoka mnadani Japani, cha kwanza kudai ni karatasi ya mnada, ile ya Kijapani yenyewe, wala si muhtasari uliochapwa na muuzaji. Juu yake kuna daraja: 4 au 4.5 ni gari zuri, R au RA ni gari lililowahi kuumia likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari uliojaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni palipowahi kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa; namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro. Kilomita zilizoandikwa humo zilinganishwe na za dashibodi. Tarehe ya usajili wa kwanza nayo ni ya kuangaliwa sana: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania gari kuukuu huongezewa ushuru.

Baada ya karatasi, jambo zito kuliko yote ni giaboksi. 1 Series ya kizazi cha pili, iliyotoka 2011, hutumia gia otomatiki ya kawaida ya hatua nane, ambayo kwa jumla ni imara. A-Class ya 2012 na A3 za wakati huo hutumia gia yenye klachi mbili. Inabadilisha haraka na kubana mafuta, ila haipendi foleni ya kusogea na kusimama. Mwaka 2013 kundi la Volkswagen, lenye Audi ndani yake, liliita magari milioni 1.6 duniani kubadilishiwa oili ya gia ya hatua saba, kwa kuwa oili ya awali iliweza kuleta hitilafu ya umeme kwenye joto na unyevunyevu. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Mombasa na Dar es Salaam, kwa hiyo onyo hilo lichukuliwe kwa uzito na mnunuzi wa pwani.

Gia ya namna hii haipimwi kwa kuzunguka yadi mara moja. Gari liendeshwe hadi lipate moto, kisha lisogezwe polepole kwenye kilima, mbele na kinyumenyume. Likitetemeka linapoondoka, au likisita kati ya gia ya kwanza na ya pili, klachi zinaelekea kuisha au kompyuta yake ina kasoro.

Injini nayo isikilizwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla mteja hajafika aombwe miadi nyingine, maana mlio wa cheni iliyolegea husikika zaidi sekunde za mwanzo. Swichi ikifunguliwa, kabla ya kuwasha, taa ya injini na ya mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka, na ziwe zimezimika injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu huenda imezimwa makusudi.

Chini ya gari, tatizo ni barabara zenyewe. Magari haya yako chini, na matuta hukwangua bampa na kinga ya injini. 1 Series nyingi hazina tairi la akiba, kwani zilitoka na matairi magumu ya kutembea hata bila upepo. Kwa anayesafiri mikoani hilo ni pengo kubwa. Ndani ya gari, redio ya Kijapani huanzia megahezi 76 na haifiki 108, hivyo stesheni nyingi za huku haizishiki. Hiyo ni kero ndogo.

Mwisho huja fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na awe anayezijua gari za Ujerumani. Hitilafu hufutika kwa dakika moja, kwa hiyo asome mara mbili: kabla ya kuliendesha, na tena baada ya mwendo mrefu wa mjini na barabara kuu. Aangalie pia kama kompyuta imemaliza kujipima. Ikiwa bado, kuna uwezekano kumbukumbu zimefutwa karibuni. Yatakayojitokeza yakadiriwe gharama kwa bei ya spea za gari hilohilo, na jumla yake ipunguzwe kwenye bei ya muuzaji kabla ya kukubaliana.