Uwanja Mpana au Ua wa Faragha?

Jamaa nyingi za Masisi na Walikale hutafuta mahali pa kujenga karibu na miji. Wengine hutazama Goma au Sake, wengine Masisi penyewe, wengine Mubi na Njingala huko Walikale, vijiji vilivyokua kwa biashara ya kasiterite. Mume na mke wameweka akiba miaka mingi, kisha waonyeshwa viwanja viwili vya bei moja. Cha kwanza ni kipana, kiko pembezoni, hakina ua, na kila mpita njia aona mpaka jikoni. Cha pili ni kidogo, kiko katikati ya nyumba nyingi, kimezungushiwa ukuta wa mawe, na mlango ukifungwa hakuna amwonaye mama akimwogesha mtoto. Mume apenda kile kipana, mke apenda kile chenye ukuta. Ni nani aliye na haki?

Kabla ya kuamua, tuulize kwanza uwanja wafaa nini. Kwa watu wa milimani na wa msituni uwanja si pambo la nyumba. Ndipo mahali pa kuanika maharage na mihogo, pa kutwangia sombe, pa kufugia kuku na sungura, pa kuketi na wageni, na pa kukusanyikia watu siku ya msiba. Lengalenga na maboga ya nyuma ya nyumba hupunguza fedha ziendazo sokoni kila siku. Na mwana akioa, baba mwenye nafasi humpa pembe ya kujenga; asiye nayo humwambia akapange kwa watu.

Na faragha je? Wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye kata. Kila nyumba ina mambo yake: mgonjwa, deni, neno kali kati ya mume na mke, binti aendaye kuoga, mwanafunzi atakaye kusoma kwa utulivu. Jamaa isiyo na mahali pa kujisitiri huchoka moyo, na watoto hujifunza kunong'ona au kupiga kelele, bila kujua kusema kwa upole. Wale waliolala katika kambi za wakimbizi kando ya Goma, huko Mugunga, Bulengo na kwingineko, mpaka kambi zilipovunjwa Februari 2025, walilijua jambo hili bila kufundishwa. Ukuta wa turubai hausitiri hata neno lisemwalo kwa sauti ndogo.

Basi vitu vyote viwili vyafaa, wala hakuna cha kudharau. Lakini namna ya kuvipata si moja kila mahali.

Katika vilima vya Masisi, desturi ya wengi ni kila jamaa kukaa katikati ya migomba yake. Migomba ni chakula, ni kivuli, tena ni pazia. Lakini mlimani kuna jambo ambalo mtu wa tambarare halijui: jirani aliye juu yako huona yote. Ukipanda ua wa kimo cha mtu, yeye akisimama mlangoni pake aona sufuria yako na kilichomo. Kwa hiyo huko faragha hutokana zaidi na jinsi nyumba ilivyosimama. Nyumba ikigeuzia mgongo upande wa juu, na jiko likawekwa upande wa chini, jengo lenyewe lawa ukuta. Ila kugeuza nyumba kwahitaji nafasi ya kuchagua, na mwenye kipande chembamba hana nafasi hiyo.

Walikale mambo ni mengine. Wilaya hiyo ina kilomita za mraba zaidi ya 23,000, nayo ni zaidi ya theluthi moja ya Kivu ya Kaskazini yote. Msitu upo tele. Hata hivyo vijiji vingi vimejipanga kwa mstari kando ya barabara, kwa kuwa serikali ya Wabelgiji iliwahamishia watu njiani ili iwahesabu, iwatoze kodi na kuwatumia katika kazi za barabara. Wenyeji wakajifunza kuugawa uwanja mara mbili. Mbele ya nyumba ni pa wote: hapo mgeni huketi, na hapo bidhaa huuzwa. Nyuma ni pa wenyewe: jiko, bafu, choo, kisha migomba mpaka ukingo wa msitu. Hekima hii yafaa kuigwa mjini pia. Si lazima kuficha uwanja wote. Yatosha kuficha nusu yake.

Tukishuka Goma twakuta mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ulipotapika tarehe 17 Januari 2002, mto wa mawe ya moto ulipita katikati ya mji ukafika ziwani, ukafunika nyumba na mipaka pamoja. Tarehe 22 Mei 2021 ulitapika tena, na mto huo ukasimama kwenye kingo za mji. Mawe hayo hayo, yakiisha kupoa, ndiyo watu wajengeayo kuta. Basi mawe ya ukuta yako karibu, bali udongo ni adimu. Kuotesha ua wa miti juu ya mwamba ni kazi ya miaka, na kuchimba shimo la choo ni kazi ya nyundo na mtaimbo.

Sasa wanafunzi na washike kalamu, watusaidie wazazi wao. Tuseme kiwanja kidogo kina mita 15 kwa 20, na kikubwa mita 30 kwa 40. Kidogo ni mita za mraba 300. Kikubwa ni 1,200, yaani mara nne. Lakini mzunguko wa kidogo ni mita 70, na wa kikubwa ni mita 140, yaani mara mbili tu. Nafasi imeongezeka mara nne, na urefu wa ua umeongezeka mara mbili. Tena, ua wa mimea wenye unene wa mita moja pande zote hula mita za mraba 66 katika kiwanja kidogo, zaidi ya sehemu moja katika tano. Katika kile kikubwa hula 136, kama sehemu moja katika tisa. Ndiyo sababu ua wa miti humfaa mwenye nafasi, naye mwenye nafasi ndogo hana budi kulipia ukuta.

Hesabu nyingine ni ya afya. Choo cha shimo chapasa kuwa mbali na kisima au chemchemi kwa mita 30 au zaidi. Kiwanja cha mita 15 kwa 20, ukikipima kutoka pembe hadi pembe, ni mita 25 tu. Choo na kisima haviwezi kukaa pamoja humo hata vikiwekwa katika pembe zinazokabiliana. Katika kile cha 30 kwa 40, kipimo hicho ni mita 50, na nafasi yapatikana. Wala usisahau choo cha jirani, ambacho huenda kiko hatua chache kutoka dirishani pako. Ukuta huzuia macho. Hauzuii harufu, wala hauzuii uchafu upitao chini ya ardhi.

Kwa hayo yote twaweza kusema: faragha yaweza kupandwa, bali upana haupandwi. Mwenye uwanja mpana usio na ua aweza kuanza na uzio wa matete nyuma ya nyumba, kuzunguka bafu na jiko. Baadaye atapanda migomba, kisha ua wa mnyaa, akiwaonya watoto kwamba utomvu wake huumiza macho. Mwenye uwanja mdogo hawezi kuongeza hata hatua moja, isipokuwa jirani akubali kuuza. Kwa hiyo penye udongo, bei zikiwa sawa, yafaa kuchagua upana.

Lakini shauri hili lina masharti matatu, na hapo mke yule ana haki kumzuia mumewe.

Kwanza, upana usiwe upweke. Kiwanja kilicho mbali na maji, shule na watu, ambako usiku hakuna asikiaye mayowe, si mahali pa faragha bali pa hatari. Katika nchi iliyoonja vita kama yetu, heri uwanja mdogo penye majirani.

Pili, tazama kilicho juu ya kiwanja. Simama mahali utakapoweka bafu, uinue macho. Ukiona milango ya watu kilimani, wala hakuna nafasi ya kugeuza nyumba, upana huo hautakusitiri.

Tatu, mpaka ujulikane. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na cheti cha uandikishaji ndicho ushahidi wa haki hiyo. Karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili yafaa kuliko maneno matupu, lakini haitoshi kama cheti. Muulize muuzaji kama mkewe amekubali, maana Sheria ya Jamaa, iliyotungwa 1987 na kurekebishwa 2016, yataka mume na mke wapatane kabla ya nyumba au kiwanja chao kuuzwa. Waulize na wenye viwanja jirani, mmoja mmoja. Mahali ambapo majirani wote wamekimbia, hakuna shahidi wa mpaka. Na huenda hata mwenyewe amekimbia, naye auzaye ni mwingine. Hapo bei ikiwa rahisi, ujue kuna sababu. Subiri mpaka watu warudi.

Tena lipo neno moja juu ya ukuta. Ukuta mrefu humficha mwenye nyumba, lakini humficha pia mwizi akiisha kuruka ndani. Jirani asiyekuona kamwe hatajua siku uliyougua. Kwa hiyo uacheni upande wa mbele uwe na mlango uonekanao na kibao cha kuketi, mfiche upande wa nyuma. Heshima ya nyumba hulindwa na ua, na usalama wake hulindwa na macho ya watu wema.

Basi, ninyi mnaotaka kununua, msilipe siku ile ile mliyoonyeshwa. Chukueni kamba yenye vifundo vya mita, mwende wawili, mume na mke, mkapime pande zote nne mbele ya majirani. Rudini mara ya pili jioni, saa ya kupika na kuoga, mtazame ni macho ya nani yafikayo hapo. Haraka haraka haina baraka, na kiwanja kilichopimwa kwa kamba huleta ugomvi mdogo kuliko kilichopimwa kwa macho.